Jimmy Greaves: Je, ni fainali ya 1966 iliyomtia kwenye ulevi?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Mimi ni shabiki wa Tottenham, yaani Spurs, tangu Victor Wanyama aliposajiliwa pale. Harry Kane alipovunja rekodi ya mabao ya klabu ndipo nikaanza kusikia jina la Jimmy Greaves. Kila ninayemuuliza ananipa kisa kilekile: alikuwa mfungaji kuliko wote, akaachwa kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 1966, moyo ukavunjika, akawa mlevi, akafa maskini. Ni kweli? Baada ya soka aliishije? Na hiyo rekodi ya Spurs ni ya nani hasa, maana wapo wanaosema hesabu ya Kane ina walakini?"

Ndugu yangu, kisa hicho ni kitamu kusimulia, ndiyo maana kimedumu. Lakini ukikipanga kwa miaka, hakisimami. Greaves alikosa fainali Julai 1966. Msimu uliofuata alifunga mabao 25 ya ligi na kubeba Kombe la FA. Msimu wa 1968/69 alifunga 27 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Daraja la Kwanza, iliyokuwa ligi kuu ya England enzi hizo, kwa mara ya sita. Hizo si namba za mtu aliyekwisha. Kuanguka kwenyewe kulikuja miaka mitano baada ya fainali ile, alipotundika daruga akiwa na umri wa miaka 31 tu na kujikuta hana mazoezi ya kuwahi asubuhi. Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi. Lakini swali lako lina matawi, ngoja tuyafuate.

Alizaliwa tarehe 20 Februari 1940 Manor Park, mashariki mwa London, akakulia Dagenham. Chelsea walimchukua akiwa ndiyo kwanza anamaliza shule, na katika msimu wa 1956/57 akapachika mabao zaidi ya 100 kwenye timu yao ya vijana. Agosti 1957, akiwa na miaka 17, akapewa nafasi kikosi cha kwanza, ugenini kwa Tottenham. Mechi iliisha 1-1 na bao la Chelsea lilikuwa lake. Ikawa ndiyo desturi yake: timu yoyote ya wakubwa aliyojiunga nayo, mechi ya kwanza lazima acheke na nyavu. Chelsea, Milan, Tottenham, West Ham, wote aliwafanyia hivyo. Hata siku England ilipochapwa 4-1 na Peru mjini Lima, Mei 1959, lile bao moja la kufutia machozi lilifungwa na kijana aliyekuwa akiichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza.

Hakuwa mrefu, hakuwa na mashuti ya kuchana nyavu. Silaha yake ilikuwa utulivu. Akiingia kwenye kumi na nane, mabeki wawili wamemkabili na kipa anatoka mbio, yeye ndiye pekee aliyeonekana hana haraka. Anasubiri kipa aegemee upande mmoja, kisha anausindikiza mpira upande wa pili, chini kwa chini. Tafuta picha za bao alilowafunga Manchester United Oktoba 1965, Spurs waliposhinda 5-1: anageuka mbali kabisa na lango, anawapita walinzi mmoja baada ya mwingine, anamzunguka kipa, kisha anausukuma mpira ndani kana kwamba kuna watoto wamelala pale. Na kumbuka viwanja vyenyewe. Kuanzia Novemba vilikuwa matope, na beki aliyekukata mguu kutoka nyuma mara nyingi aliambulia onyo la mdomo tu.

Kabla hajatimiza miaka 21 alikuwa amefikisha mabao 100 ya ligi. Msimu wa 1960/61 alifunga 41, rekodi ya Chelsea kwa msimu mmoja wa ligi ambayo haijaguswa hadi leo. Mshahara? Sheria ya soka la England wakati huo ilikuwa hakuna mchezaji anayelipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, awe Greaves, awe beki wa akiba wa timu ya mkiani. Kikomo hicho kilifutwa Januari 1961 baada ya chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kutishia mgomo. Greaves akawa tayari ameshaahidiana na AC Milan, kwa ada ya pauni 80,000. Alijaribu kujinasua, ikashindikana.

Hapa Milan ndipo ninapokuomba usimame kidogo, kwa sababu wasimulizi wengi hupaharakisha ili wafike 1966. Greaves alikuwa na miaka 21. Yeye na mkewe Irene walikuwa wamempoteza mtoto wao wa kiume akiwa na miezi minne tu. Alikuwa anakwenda nchi asiyoijua lugha yake, kwa kocha Nereo Rocco, mtu mkali wa nidhamu aliyewafungia wachezaji kambini siku kadhaa kabla ya kila mechi na kuwapangia hadi chakula. Faini zilimwandama. Uwanjani hakuna aliyemlaumu: mabao 9 katika mechi 12 za ligi, katika nchi ambayo mabeki wake walikuwa wameshaufanya ulinzi kuwa sayansi. Milan walitwaa ubingwa msimu ule, ila yeye alikwishaondoka kabla ya Krismasi. Baadaye, aliposimulia maisha yake mwenyewe, aliitaja miezi ile ya Italia kama wakati pombe ilipoacha kuwa starehe ya baada ya mechi na kuanza kuwa mahali pa kujificha. Hiyo ni 1961, miaka mitano kabla ya fainali.

Bill Nicholson, kocha wa Tottenham, ndiye aliyemrudisha nyumbani. Alilipa pauni 99,999. Ile pauni moja aliiacha makusudi, ili kijana asibebeshwe mzigo wa kuitwa mchezaji wa kwanza wa pauni laki moja. Desemba 1961 Greaves akaanza dhidi ya Blackpool na kufunga matatu. Mei 1962 alifunga mapema kabisa katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Burnley, 3-1. Mei 1963, mjini Rotterdam, alifunga mawili Spurs walipoifumua Atletico Madrid 5-1 na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kubeba kombe la Ulaya, lile Kombe la Washindi. Msimu huohuo alifunga mabao 37 ya ligi, rekodi nyingine ya klabu. Akicheza pembeni ya Bobby Smith alifunga, na alipokuja Mskochi Alan Gilzean mwishoni mwa 1964 wakaelewana kana kwamba wamelelewa nyumba moja.

Nje ya uwanja maisha yalikuwa ya kawaida kwa wachezaji wa zama hizo. Karibu na White Hart Lane, uwanja wa Tottenham wa enzi hizo, palikuwa na baa iitwayo Bell and Hare, na baada ya mechi nusu ya timu ilikuwa pale pamoja na mashabiki. Hakuna kocha aliyeshangaa. Mchezaji aliyekataa bia ndiye aliyetazamwa vibaya. Ulevi wa Greaves ulikulia mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuuona, kwa sababu kila aliyemzunguka naye alikuwa na glasi mkononi.

Sasa tuje kwenye 1966 yenyewe.

Mwishoni mwa 1965 aliugua homa ya ini na kukaa nje kwa wiki nyingi. Alirudi, lakini wapo waliosema kasi ile ya hatua tatu za kwanza haikurudi yote. Hata hivyo, tarehe 29 Juni 1966, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, aliifunga Norway mabao manne mjini Oslo. Kwa hiyo kocha wa England, Alf Ramsey, alianza mashindano naye, hapakuwa na mjadala. England ikatoka 0-0 na Uruguay, ikaifunga Mexico 2-0, kisha Ufaransa 2-0. Mechi zote tatu Greaves hakufunga. Na katika ile ya Ufaransa, tarehe 20 Julai, alikanyagwa ugokoni akachanika vibaya hadi akashonwa nyuzi 14.

Siku tatu baadaye ilikuwa robo fainali dhidi ya Argentina. Mguu haukuwa umepona, hivyo akaingia Geoff Hurst wa West Ham, aliyeanza kuichezea timu ya taifa mwezi Februari mwaka uleule. Hurst akafunga kwa kichwa, 1-0. Nusu fainali England ikaitoa Ureno 2-1 kwa mabao ya Bobby Charlton. Kufika fainali ya tarehe 30 Julai, Greaves alikuwa amepona, kwa maelezo yake mwenyewe. Ila Ramsey alikuwa na kikosi kilichoshinda mechi mbili ngumu mfululizo, na kanuni za enzi zile hazikuruhusu kubadilisha mchezaji katikati ya mechi. Ukimwanzisha mtu na nyuzi zikaachia dakika ya 20, unamaliza fainali ya Kombe la Dunia na watu kumi. Mimi nikiwa Ramsey ningefanya alichofanya, na sijawahi kumwona mtu akijenga hoja ya kunitoa hapo. Hurst alifunga matatu, England ikashinda 4-2 dhidi ya Ujerumani Magharibi.

Ndiyo, iliuma. Picha ya kipenga cha mwisho inamwonyesha Greaves amesimama kwenye benchi kavaa suti, wenzake wakirukaruka, uso wake umetulia mno. Jioni hakukaa kwenye sherehe, na kesho yake alikwenda likizo na familia. Baada ya hapo aliichezea England mara tatu tu, ya mwisho Mei 1967 dhidi ya Austria, akabaki na mabao 44 katika mechi 57. Alimwambia Ramsey kwamba kama hana mpango wa kumchezesha, basi asimwite kambini akae tu. Wengine waliita kiburi. Mimi naona ni mtu wa miaka 27 aliyejua thamani yake. Ninachokukatalia ni kile kiungo cha "akaachwa, akawa mlevi". Yeye mwenyewe aliulizwa jambo hilo maisha yake yote, na kila mara alilikana.

Nikutolee kidogo nje ya huzuni hii. Wengi hudhani kisa chake cha Kombe la Dunia ni kimoja, cha 1966. Kipo cha 1962 kule Chile, robo fainali dhidi ya Brazil mjini Viña del Mar. Mbwa alivamia uwanja, akawachenga wachezaji wa timu zote mbili, nyota wa Brazil Garrincha mwenyewe akiwamo. Greaves akapiga magoti na mikono chini, akamwita taratibu, akamdaka. Mbwa akamkojolea jezi yote, na wakati huo hapakuwa na jezi ya pili ya kubadilisha. Garrincha alifurahi hadi akaondoka na yule mbwa kwenda naye Brazil. England ilifungwa 3-1.

Machi 1970 Tottenham walimtoa kwenda West Ham kama sehemu ya malipo ya kumpata Martin Peters. Hakuhitaji kuondoka, na baadaye alikiri kwamba alipaswa kugoma. Mechi ya kwanza, dhidi ya Manchester City, akafunga mawili kama kawaida yake. Lakini roho haikuwepo tena. Kabla msimu mpya haujaanza alifanya jambo ambalo leo klabu ingelipeleka mahakamani: aliingia mashindano ya magari kutoka London hadi Mexico, ya kilomita zaidi ya 25,000, akisaidiana usukani na dereva Tony Fall katika Ford Escort. Magari yaliyofika mwisho yalikuwa 23 tu, na lao lilikuwa la sita. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaopenda rali watalitambua jina la mshindi: Hannu Mikkola, yule Mfini aliyekuja kushinda Safari Rally mwaka 1972, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo.

Januari 1971 West Ham walikuwa Blackpool kwa mechi ya Kombe la FA. Barafu ilikuwa imetanda, wakaamini mechi itaahirishwa, na usiku Greaves, nahodha Bobby Moore na wenzao wawili wakaenda klabu ya usiku. Mechi haikuahirishwa. Walifungwa 4-0, magazeti yakapata habari, kocha Ron Greenwood akawaadhibu. Mei mwaka huo Greaves akaacha soka la kulipwa, akiwa na mabao 357 ya ligi kuu katika mechi 516. Kwa kulinganisha, Geoff Hurst, aliyezaliwa karibu miaka miwili tu baada yake, aliendelea kucheza miaka mingine kadhaa.

Kuanzia hapa ndipo giza lilipoingia. Pesa haikuwa tatizo la kwanza, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Greaves alikuwa na akili ya biashara tangu akiwa mchezaji. Yeye na shemeji yake walianzisha kampuni ya vifungashio, na kulikuwa na maduka na shughuli nyingine zilizowaingizia fedha za kutosha. Kilichokosekana kilikuwa saa nne asubuhi. Mchezaji huamka kwa sababu kuna mazoezi, hula kwa sababu kuna mechi Jumamosi, hulala mapema kwa sababu kocha atamnusa. Ukiviondoa vyote siku moja, mtu ambaye amekuwa akinywa kwa miaka kumi anabaki na kinywaji tu na muda usio na mwisho wa kukitumia. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa maelezo yake mwenyewe alifikia kunywa painti 20 za bia kwa siku, na vodka juu yake. Alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Biashara zikaponyoka. Irene, aliyevumilia kwa muda mrefu kuliko wengi wangeweza, aliomba talaka, naye akahamia chumba cha kupanga.

Cha ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo alirudi kucheza. Alipita Brentwood, akapita Chelmsford City, na mwaka 1977 akajiunga na Barnet, timu ya ligi za chini, nje ya madaraja manne ya kulipwa, chini ya kocha Barry Fry. Alicheza kiungo sasa, miguu mizito, akiwa na miaka 37, na bado akafunga mabao 25 msimu huo. Mashabiki elfu moja au mbili waliokuja kumwona hawakujua kwamba yule mtu alikuwa anahudhuria mikutano ya Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, au kwamba kuna siku alifika mazoezini baada ya usiku ambao hakuukumbuka.

Februari 1978 alikunywa glasi yake ya mwisho. Mwaka uleule akalieleza gazeti moja la Jumapili kila kitu, jambo ambalo mchezaji wa kizazi chake hakulifanya. Na hakugusa pombe tena, miaka 43, hadi kufa. Nakuomba ulipime hilo vizuri ndugu yangu, kwa sababu kile kisa ulichoambiwa kinaishia kwenye "akawa mlevi", kana kwamba miaka iliyofuata haikuwepo. Alikuwa mlevi wa kupindukia kwa takriban miaka saba. Alikuwa mtu asiyekunywa kwa zaidi ya miaka arobaini. Irene alirudi ndani ya miezi, na mwaka 2017, wote wakiwa wazee, walifunga ndoa upya.

Halafu akapata kazi ya pili, na kwa Waingereza waliozaliwa baada ya 1970 hiyo ndiyo kazi wanayomjulia. Alianza kuzungumzia mechi kwenye televisheni ya eneo la Midlands mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watayarishaji waligundua haraka kwamba anaongea kama mtu aliyekaa na wewe kibarazani: hafichi anachofikiri, hajipi ukubwa, anacheka kabla hujacheka. Kuanzia 1985 televisheni ya ITV ikampa kipindi cha Jumamosi mchana pamoja na Ian St John, mshambuliaji wa zamani wa Liverpool na Scotland. Saint and Greavsie kikaitwa, kutokana na majina yao ya utani. St John alikaa kama mwalimu mwenye ratiba, Greaves akamvurugia, hasa kwa kuwatania makipa wa Scotland wiki baada ya wiki. Kabla yao, vipindi vya soka pale Uingereza vilikuwa watu wenye tai wakijadili mbinu kwa uso wa msiba. Kila meza ya wachambuzi wanaotaniana unayoiona leo, iwe London au Dar es Salaam, ina deni fulani kwa wale wawili.

Mwaka 1991 walipelekwa New York kurekodi upangaji wa robo fainali za Kombe la Ligi, na mtu aliyewasaidia kuchomoa namba kwenye mfuko, ndani ya jengo lake mwenyewe, alikuwa tajiri wa majengo aitwaye Donald Trump. Video ipo, itazame ukiwa na nafasi.

Kipindi kilikufa 1992. Ligi Kuu mpya ilizaliwa, haki za kuonyesha zikaenda Sky na BBC, ITV ikabaki mikono mitupu. Greaves aliendelea na safu zake za magazetini na kuzunguka kumbi za burudani akisimulia visa vyake, watu wakilipa kiingilio. Nishani ya Kombe la Dunia aliipata Juni 2009, miaka 43 baadaye, FIFA ilipoamua kwamba kikosi kizima kistahili na si wale 11 waliocheza fainali tu. Gordon Brown, waziri mkuu wa wakati huo, ndiye aliyewakabidhi. Mwaka 2014 iliuzwa mnadani kwa pauni 44,000. Walionuna walikuwa mashabiki. Yeye hakuwa mtu wa kuabudu vyuma.

Mwaka 2012 alipata kiharusi chepesi. Cha Mei 2015 kilikuwa kizito, kikamwacha kwenye kiti cha magurudumu na maneno yakimtoka kwa shida, adhabu kali kwa mtu aliyekuwa akila kwa ulimi wake. Matunzo ya nyumbani yalikuwa ghali, na wachezaji wa zamani na mashabiki walichangishana kusaidia. Labda hapo ndipo lilipotokea lile neno "akafa maskini". Hakuwa tajiri kwa kipimo cha mastaa wa leo, lakini alikuwa na nyumba yake, mke wake, watoto wanne na wajukuu wengi. Usimchanganye pia na wenzake wa 1966. Ray Wilson, Martin Peters, Nobby Stiles na ndugu wawili Charlton waliugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na mjadala wa madhara ya kupiga mpira kwa kichwa unawahusu wao. Greaves aliugua kiharusi.

Serikali ilimkumbuka kwa nishani ya MBE katika orodha ya Mwaka Mpya wa 2021, jambo ambalo wengi, nami nikiwemo, waliona limechelewa mno na ni dogo mno. Alifariki nyumbani kwake Essex tarehe 19 Septemba 2021, akiwa na miaka 81. Siku hiyohiyo jioni ratiba ya ligi ilikuwa na Tottenham dhidi ya Chelsea, klabu zake mbili, na uwanja mzima ulimpigia makofi kabla ya mechi. Chelsea walishinda 3-0.

Sasa Kane. Hesabu rasmi ya Tottenham inampa Greaves mabao 266 katika mechi 379. Kane aliifikia Januari 2023 kwa Fulham na kuipita tarehe 5 Februari dhidi ya Manchester City. Wanaosema kuna walakini wanaelekeza kidole kwenye Ngao ya Hisani ya 1962, ile mechi ya kufungua msimu kati ya bingwa wa ligi na bingwa wa Kombe la FA, Spurs walipoifunga Ipswich 5-1 na Greaves kufunga mawili ambayo hayamo kwenye zile 266. Ukiyaingiza, anakuwa na 268. Hoja ina mantiki, lakini haibadilishi mshindi: Kane aliendelea kufunga hadi kufikia 280 kabla ya kwenda Bayern Munich kiangazi cha 2023. Kilichobaki ni wastani, na hapo Kane alihitaji mechi 435. Rekodi ya klabu ni ya Kane, wala Greaves asingekubishia.

Ile kubwa zaidi ni nyingine, na haitajwi sana kwa sababu takwimu za televisheni huanza kuhesabu mwaka 1992 kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wanacheza chandimu. Ukichukua ligi ya juu ya England tangu ilipoanza 1888, Alan Shearer ana mabao 283, yakiwemo ya Southampton kabla ya Ligi Kuu kuzaliwa. Kane aliondoka na 213. Greaves ana 357.